Beringi ya Mashine ya Baba

Jumatatu, 9 Juni 2025 – Mbeya

Kompyuta imemaliza hesabu! Beringi ya mashine ya kusaga ya baba: saa elfu mbili mia nne ndipo itachakaa. Nimepiga simu Idodi kumwambia. Imeita mara tatu, kapokea Mama Veneranda, jirani. Eti baba anasaga, ila mashine inalia.

Inalia? Beringi iliyofungwa Januari tu?

Zamani baba angeisikia toka barabarani. Nilikuwa darasa la tatu, tunatoka sokoni, mjomba ndiye anasaga. Baba akasimama ghafla. "Evarista, sikia. Ya kushoto hiyo." Mimi nilisikia kelele tu. Akaifungua – kweli, imekwisha. Injinia wangu wa kwanza, na la saba hakumaliza.

Naenda kuiona.

Alhamisi, 12 Juni – Idodi

"Kamwene, baba!" Hakugeuka. Nikaita tena. Mpaka nilipomgusa bega. Akacheka, akasingizia kelele za mashine.

Mashine ilikuwa imezimwa.

Mama Veneranda kaninong'oneza: masikio ya baba yamekufa tangu mvua za mwaka jana. Hataki wanawe tujue.

Masikio yale!

Jumamosi, 14 Juni

Nimepima mkanda wa mashine. Umekazwa mno. Zamani ukiteleza ulipiga mluzi, baba akaukaza kidogo, basi. Sasa mluzi hausikii, kwa hiyo anaukaza tu kila asubuhi, asije akakosea. Mzigo wote unaielemea beringi.

Kwenye kompyuta niliweka mkanda kama baba alivyoukaza zamani. Nimeweka ulivyokazwa leo – saa mia tatu. Tangu Januari zimeshapita! Beringi ikishika, isizunguke tena, shafti inaweza kukatika, na kina mama wamepanga foleni pale pale na ndoo zao.

Baba anamimina mahindi, anatabasamu. "Baba, zima!" Nikarudia kwa nguvu. Mama Veneranda akatazama chini. Nikaenda kwenye swichi, nikazima mwenyewe.

Baba akageuka. "Umeme umekatika?"

Nilitaka kusema mkanda. Nilitaka kusema masikio. Mbele ya wateja wake wote?

Nikaitikia kwa kichwa.

Kina mama wakashusha ndoo zao chini. Sasa nimekaa juu ya gunia, naandika. Baba yuko pembeni yangu, mikono myeupe kwa unga, anangoja umeme urudi. Ananisimulia jinsi nilivyokuwa nalala humu ndani mashine ikinguruma.

Ng'ambo ya barabara, saluni, redio inaimba kwa sauti ya juu kabisa.