Kabati Limerudi

Jumanne, 22 Julai 2025. Mbale

Tangu Machi sikuandika neno. Naomba radhi, ingawa wa kuniwia ni mimi mwenyewe: mistari ilikuwa ukungu mtupu. Jana daktari aliniondolea mtoto wa jicho. Asubuhi hii bandeji imetoka — naona! Mlima Wanale, miamba yake, maji yanayoporomoka kama uzi mweupe. Dada yangu Nandutu ameniletea chai. Nikamwambia ana mvi nyingi. Akasema afadhali nilipokuwa kipofu.

Nimeomba: Bwana, jicho hili lisiwe la kukagua mvi za watu tu.

Alhamisi, 24 Julai. Walukuba, Jinja

Nyumbani. Chumba cha mbele kimenishtua! Makochi yamebanana, vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, kabati la vioo limejaa vikombe vya wageni. Wageni gani? Tangu tumzike mke wangu nakaa jikoni. Na ng'ambo ya ukuta Night, mjane akaangaye samaki, anatolewa na mwenye nyumba mwisho wa mwezi, yeye na binti zake. Nami nina chumba chenye mlango wa barabarani, kimelaliwa na makochi!

Nimemwita. Aingie Jumatatu, bure.

"Mwalimu, na hii viti yote utaweka wapi? Kwa kichwa?"

"Viti hivi vyote," nikamsahihisha. Akacheka. Kisha akaona sicheki, akajua chumba nampa kweli.

Nitavitoa kanisani, na kabati pia. Vyote! Sijawahi kufurahi hivi tangu nistaafu.

Jumapili, 27 Julai

Umar, jirani yangu Mwislamu, alibeba vyote kwa pikapu yake. Alinitania: mzee akianza kugawa makochi, kesho atagawa msikiti wa watu.

Baada ya ibada matoleo hunadiwa uani, kama kawaida yetu: kuku, matoke, na leo makochi yangu na kabati. Nilikaribia kucheza. Mimi! Kirunda, niliyemfundisha darasa la sita, sasa mfanyabiashara mnene, akawashinda wote kwa bei. Akapanda juu ya benchi.

"Nimenunua — na ninampa mwalimu wangu!"

Vigelegele. Ndivyo tufanyavyo: mnunuzi humtunuku amtakaye, na zawadi ya namna hiyo haikataliwi mbele ya kanisa. Nimeona desturi hii maisha yangu yote, na sikuifikiria hata kidogo!

Tena ameongeza kochi jipya.

Jumatatu, 28 Julai

Pikapu ya Umar iko mlangoni, na mizigo yangu yote. Kirunda amevaa suti, anatokwa jasho. "Mwalimu, tuanze na kabati?" Papo hapo Night akatokea, godoro kichwani, binti zake nyuma na sufuria. Akatazama pikapu, akanitazama.

"Mwalimu, mimi nirudi?"

Kirunda akauliza, kwa adabu kabisa, kama huyu mama ni mgeni wangu.

Nimesema nakwenda kutia dawa ya jicho. Dawa nimekwisha kutia. Naandika nimesimama jikoni. Nikipokea, Night analala nje. Nikikataa, ninamwaibisha Kirunda mbele ya mtaa mzima, naye alikusudia mema.

Umar anapiga honi. Binti za Night hawakungoja mtu: wamekwisha ingia chumbani, wanakimbizana, na kelele zao zinavuma kwa ule utupu. Hakuna aliyewatoa. Kirunda anaita tena — kabati limeshuka, liko barabarani.

Natoka. Nitaandika nikiisha amua.