Kiti cha Baba na Kigari cha Melkiori

Winnipeg, Kanada

Mdogo wangu Konsolata,

Kabla sijakusalimu, funga mlango. Kama kuna mtu yeyote wa Ujiji amekaa hapo, hata kama amekuja kuomba chumvi tu, mpe chumvi aende zake, ndipo uendelee kusoma.

Ameondoka? Haya. Marahaba, maana najua umeshaniamkia. Mimi mzima, ila magoti yananiuma kwa baridi na vidole vimechubuka kwa kazi. Wewe hujambo? Mtoto anaendeleaje, jino la pili limetoka? Na Mama je? Usinifiche kama ulivyonificha mara ile ya malaria. Kaka yetu Deo aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi Mama akitaka kunyanyuka pale mkekani lazima mumshike watu wawili. Tangu nisikie hivyo sina raha. Haya ninayokuandikia yanahusu mkeka huo, na sikutaka kuyasema kwenye simu kwa sababu wewe simu yako unaiweka sauti mpaka Kidahwe nzima inasikia.

Baba mdogo Melkiori amenitumia ujumbe. Ndiyo, huyo huyo. Miaka yote tangu niondoke hapo Kidahwe nikaletwa huku hajawahi kuuliza kama nimekufa au nipo, leo ananiita "mwanangu Spesioza". Anasema amepata mjukuu wa kiume, na kwa kuwa mimi nipo kwa watu wenye vitu, nimchagulie kigari cha mtoto, kile cha kusukuma, "kizuri, chenye hadhi ya ukoo wetu". Ukoo wetu! Konsolata, ilibidi nikae chini. Nikausoma mara tatu, kisha nikajibu: sawa baba mdogo, nitakichagua kwa mikono yangu mwenyewe. Nilimjibu kwa adabu zote. Unanijua, nikiwa na adabu kiasi hicho ujue nimekasirika kweli.

Wewe ulikuwa mgongoni kwa Mama siku tuliyokimbia vita kwetu Rumonge, kwa hiyo mengine ni ya kusimuliwa tu. Watu walibeba masufuria, magodoro, mbuzi. Baba alibeba kiti. Kile kiti chake cha kuzunguka cha ukarani, alichoachiwa na Mbelgiji wa ghala la mawese: ngozi nyekundu, mgongo wa mbao, hakina mikono, mguu mmoja wa chuma wenye vidole vinne. Mwenye boti alitutukana. Mama alilia kwamba bora tungebeba unga. Baba akasema, "Huko twendako wakiniona na kiti hiki watajua mimi ni nani." Tukashuka Mwamgongo, ng'ambo ya pili ya ziwa, tumelowa chapachapa, Baba akakiweka juu ya mchanga, akakaa, akazunguka kidogo, akaanza kutuhesabu mmoja mmoja kama tumetimia.

Tulipoambiwa twende kambini, lori likakataa kiti. Melkiori alikuwa ameshahamia Ujiji zamani, ana nyumba ya bati. Baba akamkabidhi kiti jinsi watu wa kwetu wanavyomkabidhi ndugu ng'ombe wa kumtunzia: bila karatasi, kwa neno tu. Nitunzie mpaka nipate pa kukaa.

Sasa sikiliza ubaya wa yule mtu. Baada ya miezi kadhaa akaja kambini na dumu la urwagwa. Pombe ya ndizi, Konsolata, mahali ambapo watu wanapanga foleni ya mahindi! Baba alifurahi karibu alie, maana hakuna ndugu aliyekuwa amekuja kumwona. Akaita majirani wote, mirija ikaingia, wakanywa. Melkiori akasimama katikati yao akasema, "Nimekuja kumshukuru kaka yangu." Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, mjinga mimi.

Wewe mila unaijua. Aliyepewa ng'ombe akawa wake kabisa ndiye anayerudi na pombe kushukuru, na mwenyewe akiinywa mbele za watu, basi, ng'ombe ameondoka. Anayetunza tu haleti pombe. Baba alijua jambo hilo kuliko mtu yeyote pale kambini, ila upweke ulimsahaulisha. Alikunywa kiti chake mwenyewe.

Tulipopata kiwanja Kidahwe akaenda kukichukua. Nilimsindikiza. Melkiori alitupokea akiwa amekikalia, anazunguka taratibu, huku na huku. "Kiti gani, kaka? Si uliinywa pombe yangu? Mashahidi wapo." Na mama mdogo, mkewe, pale mlangoni na mwiko wake mkononi, akaongeza kwamba mkimbizi kiti cha kuzunguka azungukie nini. Baba akageuka, tukatoka. Tulirudi kwa miguu, na kila tukipumzika alikuwa anatafuta jiwe la kukaa na hakai.

Alivyokufa ulikuwepo. Aliomba tumkalishe, tukamwegemeza kwenye gunia la maharage. Akasema, "Nigeuzeni upande wa ziwa." Tukamgeuza vibaya, akapiga kelele, tukaogopa kumgusa tena, akafa anatazama ukuta. Kwenye kiti chake angejigeuza mwenyewe kwa kidole cha mguu. Ule ukuta sijamsamehe Melkiori mpaka leo, na wala sina mpango wa kumsamehe.

Tena Mama akaapa. Hatuwezi kuganduka, hatuwezi kuuondoa msiba nyumbani, mpaka Deo akalishwe kwenye kiti cha baba yake ukoo ukishuhudia, na mpaka siku hiyo yeye Mama hatakalia kiti cha mtu yeyote. Tulidhani ni uchungu wa mjane, utapita. Haukupita. Hata kanisani anakaa sakafuni. Sitaki Mama azikwe akiwa bado matangani, Konsolata. Nataka atoke kwenye mkeka ule akiwa hai, na nataka Melkiori awe anatazama.

Haya, njoo kwenye kazi yangu. Namfanyia kazi mama mmoja anayefufua viti vya zamani. Watu wa huku wenye nyumba nzuri wamechoshwa na vitu vipya. Wanataka viti vya kuzunguka vya enzi za babu zao, wanaviweka sebuleni karibu na dirisha, na wala hawavifanyii kazi yoyote, wanazunguka tu na kikombe cha kahawa. Mimi navua ngozi iliyochanika, nasugua chuma, navivisha upya. Juzi juzi kikaletwa kimoja, nikasimama nacho mlangoni. Pacha wa kiti cha Baba. Vidole vinne, kila kitu, ila mbao zimeoza.

Bosi akaniambia, "Kizungushe kushoto, usiache." Nikasita. Unakumbuka Baba alivyokuwa anakataza kuzungusha kushoto? Mimi na Deo tulichapwa kwa ajili hiyo, na maisha yangu yote nilidhani ni mwiko, kwamba ukizungusha kushoto mzazi wako anakufa. Nikazungusha nimefumba macho. Kiti kikapanda, kikapanda, kikafika kifuani, halafu kikatoka kizima mikononi mwangu, mguu ukabaki peke yake sakafuni kama kisiki. Yesu wangu! Ni skrubu tu! Skrubu moja nene kama muhogo, haitaki spana wala nyundo. Nilicheka mpaka bosi akaniletea maji.

Siku ile ile nikaenda kuchagua kigari.

Dada muuzaji akaniuliza nataka cha namna gani. Nikamwambia cha barabara mbovu, mchanga na matope. Akanionyesha kimoja chenye vigurudumu vya kuchezea, nikamwambia hicho kwetu hakitoki hata uani. Akaleta kingine cha kukunjwa kama mwavuli, nikakiegemea, kikayumba kama mlevi. Cha tatu kina magurudumu matatu ya upepo kama ya baiskeli, kitako kipana, kikapu chini, na paa la kuvuta. Nikatoa utepe wangu wa kazini nikapima kitako. Akauliza mtoto ana miezi mingapi. Nikamwambia amezidi miaka hamsini. Ana uzito gani? Kilo kumi na mbili, bila mguu. Maskini, aliniangalia kwa huruma. Nikapakia mfuko wa mchele niliokuwa nimekuja nao, nikasukuma duka zima, nikapanda kizingiti, nikashuka kizingiti. Hakikulia hata kidogo. Nikasema, hiki hiki.

Kiko kwenye boksi hilo mlilopokea pamoja na barua. Sasa soma polepole.

Mwambie Melkiori kigari kimefika na utampelekea mwenyewe Jumapili baada ya misa. Deo akutafutie dumu la urwagwa, si lile la maji maji, achague lililoiva. Liweke kwenye kigari. Mtoto mbebe mgongoni kwa mbeleko kama kawaida yako. Watu wa Ujiji watakucheka: angalieni, kigari cha Kanada kimepandwa na dumu, mtoto yuko mgongoni! Waache wacheke. Wakishazoea kwamba kigari hicho kinabeba mizigo, hawatauliza kimebeba nini baadaye.

Melkiori akipata mgeni huwa anakwenda mwenyewe mwaloni, wanakoshushia samaki, kuchagua migebuka, maana hamwamini mtu. Ataondoka. Mama mdogo atakuwa uani anapuliza moto. Wewe sema unaingia sebuleni kumnyonyesha mtoto, na uingie na kigari, dumu uliache barazani. Kiti utakiona, wamekitandika kitambaa cha kufuma. Zungusha kushoto. Usikazane, imba kana kwamba unambembeleza mtoto. Kikitoka, kilaze kwenye kigari, vuta paa, funika kwa kanga. Mguu mwachie. Na kitambaa chao ukitandike vizuri juu ya mguu, sisi si watu wa fujo.

Nakiri mbele yako, nilifikiria kukwambia ukizungushe nusu tu, ukiache pale pale, ili akikalia kimtupe. Wiki nzima nililala na wazo hilo, likinipa usingizi mtamu. Lakini ni mzee, atavunjika nyonga, na najua Mama angekuwa wa kwanza kwenda kumlisha uji. Basi tukaliacha.

Ukitoka nacho, kaa barazani, useme ndani kuna joto. Kula samaki wake. Kula wako na wa kwangu, na kichwa usimwachie. Mkishanawa, fungua dumu, waite majirani wote, hasa wale asiosemezana nao. Mrija wa kwanza mpe yeye. Hatakataa, huyo hajawahi kukataa cha bure. Subiri ameze. Ameze mara tatu, usiwe na haraka, mdogo wangu, sisi tumesubiri zaidi ya hapo. Ndipo upige magoti kwa heshima zote, useme kwa ile sauti yako ya kwaya:

"Baba mdogo, Mama na kaka Deo wamenituma nije kushukuru. Asante kwa kuturudishia kiti cha Baba."

Na ufunue kanga.

Mtazame usoni kwa niaba yangu. Uniandikie kila kitu, jasho lilianzia wapi, mdomo ulifanyaje, mama mdogo alishika nini. Akifungua mdomo kubisha, muulize taratibu, mbele ya wote: "Si umeinywa pombe yetu? Mashahidi wapo." Halafu sukuma kigari uende, usigeuke nyuma. Deo akusubiri barabarani na gari.

Kigari chenyewe Jumatatu mrudishie, kimefutwa vumbi. Aliomba kigari, apate kigari. Mtoto yule hana kosa, na mimi sichukui vya watu. Kila akisukumwa mjukuu, babu atakumbuka kigari kilimbeba nani kwanza.

Chini kabisa ya boksi, ndani ya blanketi, kuna mguu wa chuma wenye vidole vinne. Ni wa yule pacha. Nilimsimulia bosi habari za ukuta, naye akaufunga mguu mwenyewe kwenye blanketi. Skrubu itaingia, nimeipaka mafuta.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, mwambie asiulize maswali hiyo Jumapili. Nisalimie wifi, mke wa Deo, na shangazi yetu wa Mwamgongo aliyetupa nguo kavu siku ile tuliposhuka, yeye lazima aitwe kwenye kuganduka, akae mbele. Deo mwambie anyoe ndevu. Mama usimwambie lolote mpaka kiti kiingie mlangoni, moyo wake hauwezi kungoja tena.

Mkishamkalisha Deo na ukoo ukaona, asikae sana. Ashuke ampishe Mama. Mshikeni wawili kama kawaida, mumtoe mkekani, mumkalishe yeye hapo, miguu ipumzike. Halafu mgeuzeni polepole mpaka atazame upande wa ziwa. Kwa kulia, Konsolata. Kulia tu.

Ni mimi dada yako, nisiyesahau kitu,

Spesioza