Meno ya Bibi wa Bonga

Babati, Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na mikorosho haijashikwa na ugonjwa wa ubwiri. Mimi mwili mzima, ila moyo umechafuka kama kitambaa cha kufutia brashi, na nimeona nikuandikie kabla sijamtukana mtu.

Unakumbuka neno la Baba: mwaka huu ukiisha bila kazi ya maana, nirudi Masasi nikapalilie. Basi kazi ya maana ilikuja. Miaka mitatu hapa nachora ng'ombe kwenye kuta za mabucha, na wachache wanaotaka sura zao huniagiza uongo: nifanye mweupe, nipunguze mashavu, toa hilo kovu. Mwezi uliopita akaja Baba Safari wa kijiji cha Bonga na picha ya marehemu mama yake akicheka. Alitaka niichore kubwa, itundikwe sebuleni siku ya misa ya kumbukumbu, ukoo mzima uione.

Nilijituma, Mama. Nilipiga miraba ya kukuzia picha kwa penseli, nikaanza na vivuli vya macho, rangi nyembamba juu ya nyembamba, nikisubiri kila moja ikauke. Nilipofika mdomoni nikasita. Meno yalikuwa ya kahawia, kama ya wenyeji wengi wa huku waliokulia maji haya yanayotia meno rangi. Nikajifanya muungwana, nikamchorea meupe.

Juzi nikaipeleka. Dada wa marehemu, bibi mzee sana, aliitazama mpaka chai yake ikapoa, kisha akauliza, "Huyu mgeni ni wa nani?"

Baba Safari aliinamisha kichwa. "Fundi, mama alikunywa maji ya hapa maisha yake yote. Wewe umetuletea mtu wa tangazo la dawa ya meno. Rudi nayo tu."

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Wote walioniomba uongo niliwasema; huyu mmoja aliyetaka ukweli, uongo nimeutoa mwenyewe, tena bure. Misa ni Jumamosi. Tangu jana nakwangua nyeupe kwa kisu na kupaka kahawia, na rangi ya mafuta haijui haraka. Akiikataa tena, mwambie Baba aniandalie jembe.

Nisalimie dada Somoe na shemeji, mjomba fundi baiskeli, na bibi. Mwambie shuka lake bado linanifaa kwa baridi ya huku.

Halafu ile picha yako uliyonitumia nikuchore, imo humu kwenye bahasha, nairudisha. Kwenye simu nilikuambia umependeza. Nilikudanganya. Fundi wa studio amekuziba mwanya, Mama. Nimemtafuta mama yangu humo nikamkosa. Nenda kapige nyingine, na ucheke.

Ni mimi mwanao, mwenye kahawia kwenye kucha,
Bakari