Njia Inayokwepa Nyumba

Dada yangu mpenzi,

Natumaini umzima, wewe na shemeji, na kwamba kile kikohozi kimekwisha. Mimi sijambo. Ni miguu tu inayolalamika, maana juzi tumeshuka kutoka mlimani, tulikokuwa tukihakiki ramani ya msitu na malisho ya kule juu.

Tulipomzika mama uliniomba jambo moja: ramani hiyo ikitoka, nyumba yake iwemo. Sikusahau.

Ofisini tulianza na picha zilizopigwa kutoka ndegeni zamani. Humo nyumba ipo, kinukta cheupe ukingoni mwa msitu, na njia ya ng'ombe inatoka mtoni na kuizunguka. Mkuu wangu alipoona ule mpindo alicheka, akauliza kama njia hiyo ilikuwa imelewa. Akaniagiza niinyooshe, nikikuta hakuna kinachoizuia.

Nyumba imelala chini, Dada. Mabati yamechukuliwa, kuta zimerudi kuwa udongo, nyasi zimeota hadi jikoni. Nilikaa pale palipokuwa na mlango, nikala mkate wangu, nikainuka kupima.

Jioni ng'ombe wakarudi kutoka mtoni. Walipoukaribia uwanja ule mtupu wakapinda, mmoja nyuma ya mwingine, wakauzunguka wote. Nilimwuliza mchungaji kwa nini hawakati moja kwa moja. Akasema aliwakuta hivyo, na ndama nao hufuata mama zao. Nikamsimulia jinsi mama alivyokuwa akiwatimua ng'ombe waliokanyaga uwanja aliotoka kuufagia, mwiko mkononi, unga bado umeuganda. Alicheka mpaka akaegemea fimbo. Akasema basi bibi huyo hakuwa mchezo, maana ng'ombe hawa hawajawahi kumwona na bado wanamwogopa.

Sasa nikwambie kilichonichelewesha kuandika. Kanuni yetu ni kwamba kisichosimama hakichorwi. Nyumba nimeifuta. Nimeifuta mwenyewe, sikutaka mtu mwingine aiguse. Najua utaninunia, na una haki.

Lakini njia sikuinyoosha. Nilimwambia mkuu kwamba nimeiona kwa macho yangu ikipitwa hivyo, naye akatia sahihi. Nitakuletea nakala. Utaiona inapanda kutoka mtoni, inafika mahali pasipo na kitu, inapazunguka kwa adabu, halafu inaendelea na safari yake.

Nisalimie shemeji. Na wapwa zangu waambie wasikukanyagie uwanja.

Ni mimi mdogo wako,
Mpima ardhi