Nyimbo Sitini na Moja

Jumatatu, 30 Juni 2025
Saa sita usiku wa leo chuo kinakatiwa majarida ya mtandaoni. Bajeti ya maktaba imepunguzwa, mchapishaji amepandisha bei. Bi Hildegarda, mkuu wetu wa maktaba, ametusomea tangazo bila kututazama: marufuku kupakua makala kwa wingi. Mimi karani, ajira yangu yenyewe inaisha Septemba, niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Halafu nikapakua sitini na moja. Zote nimezipa majina kwenye flash: Kwaya 1, Kwaya 2... Jambazi gani huyu.

Jumatano, 2 Julai
Dokta Rafaeli, mwalimu wa kilimo, anatafuta makala kuhusu sumukuvu kwenye mahindi ya Zombo. Jumatano ijayo anakutana na wakulima huko, kabla hawajajaza maghala. Makala ni yake! Aliandika bure, laptop imekufa nayo, mchapishaji anamtaka dola thelathini na tisa.
"Haki niliwasainia mwenyewe," alisema. "Nimelima, nimevuna, sasa naambiwa ninunue."
Nikamjibu haipatikani. Ilikuwa mfukoni mwangu. Kwaya 12.
Jioni niliutazama ugali wangu kwa mashaka. Nikaumaliza.

Ijumaa, 4 Julai
Nikajitia ushujaa. Nilichomeka flash kwenye kompyuta ya ofisi nimchapie Dokta, aliyekuwa akisubiri kaunta. Printa haijaamka, Bi Hildegarda huyo mlangoni. Akasoma orodha.
"Ditram, kumbe unaimba?"
"Ndiyo, madam. Sauti ya nne."
Mimi, wa sauti ya nne.
"Naazima. Naenda Mikumi kwa dada, nisikilize njiani."
Akachomoa mwenyewe. Nikamtakia safari njema. Dokta aliondoka mikono mitupu — na akanishukuru kwa kujaribu.

Jumapili, 6 Julai
Kanisani sikwenda. Wangeimba.
Nimeandika barua ya kujiuzulu mara mbili; ya pili ina mwandiko mzuri zaidi. Saa kumi, ujumbe wa Bi Hildegarda: "Nyimbo zako hazilii kwenye gari. Nimezifungulia kwenye kompyuta ya dada. Njoo ofisini Jumanne saa mbili. Uje na flash tupu."
Tupu. Ya kuhamishia ushahidi? Au... naye ana kwaya yake?
Kesho Sabasaba, sijui nani atafungua. Nimekimbia dukani kwa Vitalis leo hii.
"Unataka ya GB ngapi?"
Nimechukua kubwa kuliko zote. Barua ya kujiuzulu bado iko mfuko wa pili.