Ugali Wenye Poda

Jumatano, katikati ya Juni. Njombe imeamka nyeupe. Sakitu, ule umande ulioganda, ililala juu ya majani ya viazi kama chumvi iliyomwagwa, na upepo ulipita chini ya mlango bila hodi. Sasa jua limezama na baridi imerudi kuchukua zamu yake. Nimeshika masikio yangu kuhakikisha. Yapo yote mawili.

Nina hasira, daftari. Nina hasira, nina kichefuchefu, na nimeshiba. Vyote vitatu vimetoka kwenye sahani moja.

Ngoja nieleze taratibu. Mimi nilisoma kwa Wajerumani madarasa mawili, nikiwa tayari na ndevu, na la tatu likaliwa na vita. Mkono wangu hauendi mbio kama mdomo.

Mwanangu Yohana ameoa. Mke anaitwa Tumaini, binti wa Mahongole, pale Makambako, na amekuja hapa nyumbani baada ya Pasaka. Binti mwenyewe hana kasoro. Analima, anaamka kabla ya jogoo, na akinisalimia "Kamwene, baba" anapiga magoti kwa namna ambayo naogopa yatachubuka. Kasoro yake ni chupa.

Kabla ya kuolewa alikuwa yaya kwa wazungu wenye shamba upande wa Matembwe. Mama wa kizungu alipofunga safari ya kurudi kwao, akamwachia chupa ya duara yenye kipira. Ukikibinya kile kipira, chupa inakohoa, na kikohozi chake ndicho manukato. Yohana aliwahi kuulizia bei kwa Mhindi wa Makambako. Mhindi akanusa kizibo, akatikisa kichwa, akasema hayo hayauzwi dukani. Anayatengeneza fundi mmoja huko Ulaya, kwa watu wachache tu.

Nikasema afadhali. Wachache wanatosha.

Sasa sijui niieleze vipi ile harufu. Hainuki kwa nguvu. Ingekuwa inanuka kwa nguvu, kama beberu, ningejua upepo unatoka wapi nikasimama upande wa pili. Hii ni laini. Inakuja polepole, inakukalia kama vumbi la unga pale mashineni, kwenye kope, kwenye ndevu, ndani ya koo. Ukivuta pumzi ya kwanza unaona mtoto mchanga aliyepakwa poda. Ya pili, maziwa yaliyolala. Ukifika chini kabisa kuna sanduku la nguo za marehemu, limefunguliwa baada ya miaka mingi, na marehemu alipenda sana maua.

Mtu aipake hiyo halafu akuletee ugali!

Maana ndivyo ilivyo. Tumaini hupika, halafu anakuja na birika na beseni kuninawisha, amepiga magoti, na ile poda inatangulia mbele yake kama tarishi. Nikikata tonge, tonge lina poda. Maharage yana poda. Juzi nilitafuna kipande cha boga nikaona kabisa kwamba natafuna shavu la bibi wa kizungu.

Mtu atauliza, kwa nini hukumwambia? Wewe si ndiye uliyemtania karani wa Bwana DC usoni kwake kuhusu kaptura yake?

Ni kweli. Karani nitamtania, mchungaji nitamtania, nikifika kwa Mungu tutaona. Lakini mkamwana ni kitu kingine. Kwetu baba mkwe hamshiki mkono mke wa mwanawe, haingii jikoni kwake, wala hatoi neno lolote linalohusu mwili wake. Nikimwambia binti huyu ananuka, ni sawa na kumvua nguo uani. Neno kama hilo lazima lipitie kwa mtu mwingine.

Basi nikamtuma mke wangu. Nikamwambia, nenda taratibu, mkiwa wawili, mwambie apunguze. Mama Yohana akaenda. Akakaa huko mpaka nikasahau nilichomtuma. Aliporudi, poda ilimtangulia mlangoni.

"Umemwambia?"

"Baba Yohana, hebu nusa hapa shingoni." Mwanamke wa miaka yote hiyo, ananiletea shingo! "Si kama Yohana alivyokuwa mdogo, nimetoka kumwogesha? Nimekaribia kulia."

Mimi pia nilikaribia kulia.

Nikamtuma dada yangu mkubwa. Huyu ni Mlutheri wa kiti cha mbele, hapendi mapambo, hata shanga anaziita shetani. Nikajua kazi imekwisha. Akaenda na fimbo yake, akarudi bila ukali wake. Akasema hivyo ndivyo mbinguni kutakavyonukia, mavazi ya malaika yakianikwa. Nikamwambia kama ni hivyo, dada, mniombee nipelekwe kule kwingine.

"Kule kwingine unakwenda tu," akanijibu, "hata bila kuombewa."

Akabaki Fusi, fundi viatu, jirani yangu. Yeye ni Mngoni wa Songea, mtani wangu, na mtani ana ruhusa ya kusema lisilosemeka. Nikampa maneno yote mdomoni. Akaenda mpaka ukumbini kwa Yohana, nikamsikia anacheka, nikasikia kipira kinakohoa. Akarudi na harufu hiyo kwenye viatu! Anasema ni kama duka la Mhindi linapofunguliwa asubuhi, vitambaa vipya na biskuti, na mteja akivaa kiatu kinachonukia hivyo hatauliza bei.

Yohana sikumtuma. Yohana anashinda kazini na magome ya miwati, ile miti ya dawa ya ngozi, na isitoshe ndoa yake bado mbichi. Hata Tumaini akijipaka samadi yeye atamtungia wimbo.

Kwa hiyo nyumba nzima inanuka poda, na ni mimi niliyeieneza.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nikaacha kula. Nilikuwa nasema tumbo linaniuma, nasukuma sahani kwa adabu, halafu natoka kwenda kwa Fusi kula viazi vya kuchoma kwenye majivu. Siku ya kwanza, ya pili, wiki ikaisha. Nilijiona mjanja. Nilisahau kwamba hapa kwetu mkwe anayerudisha chakula cha bibi harusi hajasema tumbo linauma. Amesema, huyu mrudisheni kwao.

Na Tumaini aliniona. Alikwenda kuchota maji akapita nyuma ya kibanda cha Fusi, akamwona baba mkwe wake mgonjwa wa tumbo na kiazi katika kila mkono. Alimpa salamu za kwao dereva wa lori la mbao anayepita Makambako.

Leo asubuhi lori lilirudi na mama yake.

Mama mrefu, mwenye upepo wote wa Makambako usoni. Alikataa kiti. Alisimama uani, kwa mbali inavyopasa, maana mimi na yeye hata vivuli havigusani. Mke wangu alikuwepo, na dada na fimbo yake, na Fusi nyuma ya ua akijifanya anatafuta ngozi. Yohana hakwenda kazini. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja kung'olewa jino. Mlangoni kwake kulikuwa na mzigo uliofungwa kwa kanga.

"Kamwene, Baba Yohana," akasema yule mama. "Sikuja kugombana, nimekuja kuuliza. Mwanangu anapika hauli, na kwa jirani unakula. Kama hamumtaki semeni, mzigo umeshafungwa na lori halijaondoka."

Nikaanza habari ya tumbo. Hata mimi mwenyewe sikuiamini.

Halafu yule mama akainua pua, akanusa upande huu, akanusa upande ule.

"Tumaini! Bado unajipaka hilo limanukato? Si nilikwambia ulitupe mtoni? Linanuka kama sanduku la maiti!"

Daftari, nilitaka kumkumbatia. Siku zote hizo nikidhani pua yangu ndiyo mbovu, kumbe mwenzangu alikuwa Makambako!

Akanigeukia. "Kumbe ni hilo! Baba mkwe anakimbia harufu. Sema tu, Baba Yohana, hapa hakuna mtoto. Ni manukato?"

Nilikuwa nimepewa mlango wazi. Nilitakiwa kuitikia kwa kichwa tu, chupa iende mtoni, na mimi nirudi kula ugali wa binadamu. Kichwa kikaanza kushuka.

Ndipo Tumaini akasema, akiitazama ardhi. Sauti haikufika mbali.

"Mama, siyapaki ovyo. Napuliza nikitaka kumpelekea baba chakula tu. Jikoni kuna moshi. Sikutaka baba ale huku ananusa moshi wangu."

Nikakosa pa kuweka macho.

Kila mtu alikuwa ananitazama isipokuwa yeye. Masikio yake yalikuwa mekundu, au ni baridi, sijui. Nikawaza, nikisema ndiyo, hata asiporudi Mahongole leo, kila atakapopita uani atapita akijinusa. Kichwa changu kilikuwa njiani kuitikia. Nikakigeuza huko huko njiani, kikawa kinakataa.

"Manukato?" nikasema. "Manukato gani?"

Mke wangu akafungua mdomo. Nikamtazama. Akaufunga.

"Mama, mimi pua yangu imekufa. Baridi ya mwaka huu imeiua. Sisikii kitu, si moshi, si manukato, hata Fusi akivua viatu. Na pua ikifa chakula hakina ladha, ndiyo maana nilikuwa nasukuma sahani. Niliona aibu kusema. Mtu mzima, pua imemfia!"

"Na viazi vya kwa jirani?" Yule mama haachii.

"Ilikuwa dawa. Majivu ya moto huamsha pua."

"Ni kweli, mama," akadakia Fusi kutoka nyuma ya ua. "Alikuwa anakinusa kiazi kimoja kimoja kabla ya kukimeza. Amenusa debe zima."

Dada akakohoa ndani ya mtandio. Yule mama hakucheka. Akasema, "Basi leo utakula, nikuone."

Tumaini akakimbilia jikoni. Nilisikia sufuria, nilisikia mwiko, halafu nikasikia kile kipira kinakohoa. Akaja na birika na beseni, akapiga magoti, akaninawisha. Ile poda ikaja ikanikalia usoni kama mtu anayenifunika na taulo la mtoto.

Nikakata tonge.

Sitaki kulieleza tonge la kwanza. La pili lilikataa kushuka, likasimama kooni likitazama juu na chini. Nililisukuma na mchuzi wa njegere, mchuzi nao una poda. Machozi yakanitoka. Yule mama akayaona, nikasema ni pilipili. Hapakuwa na pilipili. Nikala mpaka sahani ikaonyesha maua yake ya chini, na kwa kuwa nimezaliwa na kichaa changu, nikasema, "Ongeza, mwanangu."

Akaongeza.

Yule mama alinihesabia kila tonge kwa macho. Nilipomaliza sahani ya pili akaenda mwenyewe mlangoni, akaufungua ule mzigo, akaikung'uta kanga na kumtupia binti yake begani. Kisha akakubali kiti. Yohana akazunguka nyuma ya nyumba, nikamsikia anapenga kamasi. Mwanaume mzima! Lakini sikumtania. Nilikuwa nimefunga mdomo kwa sababu zangu.

Mchana mama akapanda lori kurudi Makambako na kapu la viazi. Nikadhani yamekwisha. Nikapanga kwamba kwa siku chache nitakula kidogo kidogo, huku mke wangu akitafuta namna, labda chupa ianguke, chupa huanguka.

Jioni Tumaini akaleta uji wa ulezi. Kabla hajafika mlangoni, poda ilifika. Siyo ile ya kila siku. Hii ilikuwa imekuja na ndugu zake wote. Ilijaza chumba, ikaingia kwenye blanketi, ikafunika hata moshi wa taa. Nikamtazama Mama Yohana, naye akaninong'oneza, anajing'ata midomo asicheke:

"Amekuhurumia. Anasema, masikini baba, hasikii kitu. Leo amebinya kipira mpaka vidole vimechoka, labda kidogo kitapenya."

Tumaini akaweka bakuli. Hakuondoka. Tangu aje hapa hajawahi kunitazama usoni, na leo akanitazama, kidogo tu, halafu akaangalia chini tena.

"Baba, leo unasikia japo kidogo?"

Nilikuwa nimebana pumzi. Ikabidi niiachie ili nijibu, na kuiachia ni kuivuta nyingine.

"Kwa mbali, mwanangu," nikasema. "Kwa mbali sana."

Akacheka kwa furaha, akatoka mbio kumwambia mumewe.

Kesho ataongeza. Na mimi nitakula.