Njia Inayopinda Kwenye Mparachichi

Bibi yangu mpendwa,

Ndaga, bibi. Huku Lupepo mvua imetuachia jua kidogo, na ninakuandikia nikiwa jikoni, juu ya kigoda chako. Ninakilinda kwa kukikalia mwenyewe.

Mjomba alitupigia simu akasema huko Mbeya umegoma kupelekwa kanisani kwa gari. Eti ulimwambia, “Mimi si gunia la viazi, nipakiwe na kushushwa.” Tulicheka mpaka mama akamwaga chai. Kisha mjomba akataja sharti lako: utarudi kuishi nasi ikiwa bado unaweza kufika kanisani, gulioni na kwa wagonjwa kwa miguu yako, bila kumngoja mtu. Kwa hiyo nataka ujue njia yetu ikoje sasa.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda gulioni, wewe na kikapu cha ndizi, mimi nyuma yako? Tukifika kwenye mparachichi, njia ilikuwa ikiacha kunyooka. Ilipinda kuingia migombani, ikazunguka nyuma ya nyumba ya Babu Ambakisye, ndipo ikashuka kijitoni. Siku moja nililalamika kwamba tunazunguka bure wakati mbele ya nyumba pako wazi.

“Sisi twaweza kupita mbele,” ulisema. “Mama Lusajo hawezi. Yule ni baba mkwe wake.”

Nilijua kwamba kwa mila yetu mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Lakini sikuelewa kwa nini sisi nasi tuzunguke. Ukanijibu bila kugeuka, “Njia isiyokanyagwa huota majani. Akipita peke yake, itamfia.”

Tangu siku hiyo sikulalamika tena.

Basi, bibi, baada ya wewe kuondoka tulipata mwalimu mpya wa jiografia kutoka Singida. Ni mtu mwema na anapenda kutembea. Aliona watoto wanavyoteleza kwenye tope, akaomba kijiji kifanye msaragambo ili njia itengenezwe. Watu walikuja na majembe, na mwalimu akaja na kamba. Aliivuta kutoka mparachichi hadi kijitoni, na njia ikachimbwa kufuata kamba, ikapita mbele kabisa ya baraza ya Babu Ambakisye. Mahali pa kuzungukia pakapandwa machipukizi ya migomba. Ilipendeza, na wazee wakamshukuru: “Ndaga fijo, mwalimu.” Hakuna aliyemwambia neno. Nadhani waliona aibu kumsimulia mgeni mambo ya ukwe wa watu.

Ndipo Mama Lusajo akaanza kupeleka maziwa yake kwa bodaboda, kwa kuzunguka barabara kuu, na wake wengine wa ukoo ule wakamfuata. Madereva walifurahi. Mmoja alimpungia mwalimu mkono akasema, “Mwalimu wetu, nyoosha na nyingine.” Babu Ambakisye naye aliacha kuota jua barazani ili mkwe wake apate kupita. Mmoja alikuwa ndani akimpisha mwenzake, na mwenzake alikuwa juu ya pikipiki akimpisha yeye.

Mwalimu alituuliza darasani, “Njia nzuri namna hii, mbona watu wanaikimbia?” Tuliangalia madaftari yetu.

Lakini simu ya mjomba ilikuwa imenikaa moyoni. Nilijua ukirudi utafika kwenye mparachichi, utageukia kulia kama siku zote, na utakuta migomba imekuzibia. Baada ya kipindi nilimfuata mwalimu, nikamweleza kwa maneno yako yaleyale. Alijishika kichwa akicheka.

“Kumbe nimemfunga mzee wa watu kwa kamba yangu. Kwa nini hawakuniambia?”

“Wanakuheshimu, mwalimu.”

“Atupele, afadhali wangeniheshimu kidogo tu, wakaniambia.”

Jumamosi alikwenda mwenyewe kwa Babu Ambakisye kuomba radhi, na watu wakarudi na majembe. Tulihamisha migomba, tukapanga mawe kwenye mteremko, na kandokando tukafunga mianzi ya kushikilia. Niliipima kwa kimo chako, bibi, si kwa changu. Njia iliyonyooka ipo bado, kwa wasio na mkwe pale.

Jana asubuhi nilipita nyuma pamoja na Mama Lusajo, ndoo ya maziwa kichwani, akiimba polepole. Kule barazani Babu Ambakisye alikohoa kwa nguvu, kumjulisha kwamba yupo nje. Kisha akasema, kana kwamba anaongea na kuku wake, “Leo njia ina watu.” Mama Lusajo hakujibu, maana hairuhusiwi, lakini aliimba kwa sauti kubwa zaidi.

Ningependa uione, bibi. Sijui miguu yako inasemaje huko, na mama amenikataza kukuharakisha. Mimi ninachoweza ni kwenda shule kwa kuzunguka, na kurudi kwa kuzunguka, hata siku ambazo nimechelewa na njia ya mbele iko wazi. Majani hayajaota.

Ni mimi mjukuu wako, ninayekukanyagia njia,
Atupele